Sura ya Tano: Mama Anayenyumbuka

The Incredibles, filamu ya katuni ya kampuni ya Pixar iliyoingia kwenye kumbi za Marekani Novemba 2004, inaanza kwa mahojiano. Mashujaa wanakalishwa mbele ya kamera, mmoja mmoja, wanaulizwa habari za kazi yao. Mr. Incredible, pande la mtu anayekaribia kuijaza skrini peke yake, analalamika kwamba dunia haiokoki ikatulia. Ukiitoa shimoni leo, kesho imetumbukia tena. Kuna wakati, anasema, angetamani maisha ya kawaida tu, apumzike, alee watoto. Elastigirl, msichana ambaye mwili wake unavutika kadiri atakavyo, akiguswa na suala hilohilo la kutulia nyumbani anacheka. Yeye awaachie wanaume kazi ya kuokoa dunia? Thubutu!

Ni mzaha wa utangulizi, na watazamaji wengi huusahau kwa sababu mambo yanakwenda mbio. Wawili hawa wanaoana. Kisha zinafuata kesi: mtu aliyekuwa anajiua anamshtaki Mr. Incredible kwa kumwokoa bila kuombwa, abiria wa treni nao wanadai fidia, serikali inachoka kulipa, na mashujaa wote wanaamriwa kuvua barakoa na kuishi kama raia wengine. Miaka 15 inapita. Tunapowaona tena, yule aliyetamani kulea watoto amejibana kwenye kijiofisi cha kampuni ya bima, tumbo limeota, roho imesinyaa. Yule aliyesema thubutu yuko nyumbani na mtoto mchanga, yuko kwenye simu anamtangazia mumewe kwamba sasa wamehamia rasmi, kwa kuwa amelifungua boksi la mwisho. Walihamia miaka mitatu nyuma.

Wote wawili walipoteza kazi ileile kwa amri ileile. Lakini tazama jinsi filamu inavyogawa huzuni. Baba, ambaye sasa ni Bob Parr, ana chumba kizima cha kumbukumbu: picha, magazeti yaliyowekwa fremu, suti yake ya zamani. Usiku anatoka kwa siri na rafiki yake Frozone, wanakaa ndani ya gari kusikiliza redio ya polisi, wakiwinda ajali ya kwenda kuokolea watu. Tunamhurumia. Mama, Helen, hana chumba cha namna hiyo. Cha mumewe anakiingia na mashine ya kunyonya vumbi. Hakuna mahali ambapo filamu hii ya kwanza inasimama kumuuliza alijisikiaje kuacha kazi aliyokuwa akiipenda kiasi kile. Kwa baba, kukaa bila kazi yake ni msiba. Kwa mama ni ukubwa tu. Amepata watoto, basi yamekwisha.

Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, kwa sababu filamu mbili za familia hii, hii ya 2004 na ile ya 2018, zimesifiwa mno kama filamu za mwanamke mwenye nguvu. Nguvu anazo kweli. Suala ni kwamba nguvu zenyewe zimetumwa kufanya nini.

Brad Bird, aliyeandika na kuongoza filamu zote mbili, ameeleza mara nyingi katika mahojiano alivyogawa vipaji. Hakuchagua kwa kubahatisha wala kwa kutazama kipi kitapendeza kwenye pambano. Alitazama nafasi ya mtu katika familia. Baba hutarajiwa kuwa na nguvu, kwa hiyo Bob anainua treni. Binti wa umri wa kubalehe hujificha na kujikinga, kwa hiyo Violet anatoweka machoni na kujizungushia ngao. Mvulana wa miaka kumi hatulii, kwa hiyo Dash anakimbia kuliko upepo. Kitoto kichanga hakijulikani kitakuja kuwa nani, kwa hiyo Jack-Jack anaweza kuwa chochote. Na mama huvutwa huku na huku na kila mtu kwa wakati mmoja, kwa hiyo Helen ananyumbuka.

Wasomaji wa vitabu vya katuni watakumbuka kwamba kunyumbuka kulikuwa kipaji cha wanaume kwanza. Plastic Man alianza mwaka 1941. Mwaka 1961 Marvel ilipotoa Fantastic Four, familia nyingine ya mashujaa wanne, aliyevutika alikuwa Reed Richards, mwanasayansi na kiongozi wa kundi. Mwanamke pekee, Sue Storm, ndiye aliyepewa kutoonekana. Bird alivichukua vipaji vilevile akavigawa upya. Kutoonekana kukashuka kwa binti, na binti anatumia filamu nzima kujifunza kuonekana. Kuvutika kukahamia kwa mama. Mimi naliona hilo kuwa wazo bora kuliko yote katika filamu hizi, na hapohapo ndipo penye mtego, kwa sababu kitu kinachovutika hakilalamiki. Unakivuta tena.

Mtazame mezani, wakati wa chakula cha jioni. Bob amerudi kazini, yupo na hayupo. Dash amefanya utundu shuleni, ameweka pini kwenye kiti cha mwalimu, na Helen ndiye aliyeitwa na mwalimu mkuu. Violet anarushiwa neno kuhusu mvulana anayempenda, ugomvi unalipuka. Dash anakimbia kuzunguka meza, Violet anatoweka na kuweka ngao, na Helen, bila kuinuka kitini, anarefusha mkono mmoja kumshika huyu na wa pili kumshika yule, mikono inajiviringisha chini ya meza, sahani zinayumba, mtoto mchanga anacheka. Anamwita mumewe asaidie. Bob amesimama jikoni na gazeti, amezama kwenye habari ya shujaa mwenzao wa zamani aliyepotea. Anapozinduka, anachofanya ni kuinyanyua meza nzima juu, na familia yote ikiwa inaning'inia. Kwa nguvu hana mpinzani, ila chakula hakijalika.

Tukio zima halifiki dakika tano na limechorwa kwa ustadi ambao hata waigizaji wa kweli wangeuonea wivu. Kila mtu aliyelea watoto anaijua jioni hiyo. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba Helen hapo yuko kazini kwa kipaji chake chote, na filamu inatuchekesha. Muda si mrefu, Bob akitumia kipaji chake chote kupambana na roboti kisiwani, muziki unapanda na sisi tunashika viti.

Baadaye, ni kweli, mama anatoka. Bob amemdanganya kwamba anasafiri kikazi, kumbe ameajiriwa kwa siri kama shujaa. Helen anakuta unywele wa dhahabu kwenye koti la mumewe, anawaza yale ambayo mke yeyote angewaza, anaazima ndege ya jeti na kwenda kumfuata. Ndege, nao watoto wamo, inapigwa kombora. Anawafunika watoto kwa mwili wake, anageuka mwavuli wa kushukia, wakifika majini anageuka mtumbwi na miguu ya Dash inakuwa injini. Ndani ya ngome ya adui anawapiga walinzi huku mwili wake umebanwa kwenye milango kadhaa kwa pamoja, mguu chumba hiki, mkono chumba kile. Na katikati ya hayo yote anapita mbele ya ukuta unaong'aa, anajitazama nyonga, anahema kwa kukata tamaa. Nimewahi kusikia kina mama wakicheka hapo kuliko mahali popote. Kicheko hicho kina uchungu ndani yake.

Miaka 14 ilipita kabla ya sehemu ya pili. Katikati Bird aliongoza Ratatouille, filamu moja ya Mission: Impossible, na Tomorrowland. Incredibles 2 ilitoka Marekani tarehe 15 Juni 2018 na kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.2 duniani kote. Katika hadithi yenyewe haijapita hata siku moja: inaanza palepale ya kwanza ilipoishia. Bird amesema wazo la kubadilishana majukumu, mama aende kazini na baba abaki, alikuwa nalo tangu siku za kuitangaza ile ya kwanza. Kwa hiyo si kweli kwamba studio iliona upepo wa 2018 umegeuka ikamvalisha mama suti ili iuze tiketi. Upepo uliikuta njiani.

Nyumba yao imeungua. Wanaishi moteli, na mtu wa serikali amewaambia zimebaki wiki mbili, basi. Usiku, mume na mke wanakaa kando ya bwawa la kuogelea kupiga hesabu za maisha. Mmoja wao lazima atafute kazi. Helen anasema huenda sasa ni zamu yake. Bob ameshahangaika miaka mingi kwenye bima. Bob anakataa, hapana, kazi atatafuta yeye. Kisha anauliza suti zake ziko wapi.

Ningekuwa mwalimu wa kozi ya uandishi wa filamu, ningetumia kipindi kizima kwenye swali hilo. Zimeungua na nyumba, bila shaka, na mzaha ni huo. Lakini mtu anayetangaza kwamba yeye ndiye atakayeilisha familia hajui nguo zake zinakaa wapi, na hajawahi kuhitaji kujua, kwa sababu yuko anayejua. Mwanasosholojia Arlie Hochschild alikitoa kitabu chake The Second Shift mwaka 1989, baada ya kukaa na familia za California ambazo mume na mke wote waliajiriwa. Aliwaona wanawake wakitoka zamu ya ofisini na kuingia zamu ya pili nyumbani, na kwa mwaka zamu hiyo ya pili iliwaongezea kazi ya takriban mwezi mzima, mwezi wa saa 24 kila siku. Kupika na kufua ni sehemu yake inayoonekana. Sehemu isiyoonekana ni kujua: dawa ya mtoto imebaki kiasi gani, mkutano wa wazazi ni lini, suti iko wapi.

Kazi inakuja kwa njia ya tajiri mmoja, Winston Deavor, na dada yake Evelyn, wenye kampuni ya mawasiliano. Wanataka kuwarudisha mashujaa mbele ya umma kwa kuwawekea kamera ndani ya suti. Bob anajua ataitwa yeye. Anaitwa Helen. Sababu wanayotoa ni takwimu: Elastigirl akipambana, hasara huwa ndogo, Mr. Incredible akipambana, kampuni za bima zinalia. Uso wa Bob pale umechorwa na watu waliowahi kumwona mwanamume akipongeza huku meno yamebana.

Watu wengi walilishangilia tukio hili. Sina hakika kama lilistahili shangwe zote. Helen hachaguliwi kwa kuwa ndiye hodari zaidi, wala kwa kuwa yeye ndiye aliyesema zamani kwamba hataki kuwaachia wanaume. Anachaguliwa kwa kuwa havunji vyombo. Mtu wa kufanya kazi yake na kuacha pasafi. Sifa iliyompa ajira ndiyo ileile iliyomfanya abaki nyumbani miaka 15. Na hata baada ya kuchaguliwa, anasita, anahesabu umri wa watoto, anaona ajabu kwamba ili aisaidie familia itabidi aiache, na ni Bob anayemsihi aende, akimwambia nyumbani hakuna shida, yeye atamudu, rahisi tu. Maneno hayo yanamtoka kwa shida. Anaiombea familia, lakini pia anajiombea: mke akifaulu, sheria itafutwa, naye atairudia kazi yake.

Kisha Helen anapanda pikipiki. Hapa sina lawama. Pikipiki inakatika vipande viwili na mwili wake ndio kiungo. Gurudumu la mbele linaruka kutoka paa hadi paa, la nyuma linafuata, na katikati yuko yeye amejinyoosha. Treni mpya imeshikwa kichaa siku ya uzinduzi, inarudi nyuma kwa mwendo wa kuua, na anaikimbilia kupitia mitaa, juu ya magari, ndani ya handaki. Nyuma yake kuna muziki wa Michael Giacchino. Hakuna anayemsaidia. Akirudi hotelini usiku anampigia mumewe simu na hawezi kukaa chini kwa furaha, anasimulia kwa pumzi moja. Ni mara ya kwanza, katika filamu mbili, tunamwona akifurahia kitu ambacho si mtoto wala mume.

Lakini kazini hukohuko simu imeshamfuata. Dash anapiga. Anataka kujua raba zake ziko wapi. Mama anamwambia atazame chini ya kitanda.

Huku nyumbani, baba anazama. Bird na wachoraji wake walikuwa na starehe ya wazi kuchora kuchakaa kwake: ndevu zinaota, macho yanaingia ndani, uvimbe chini ya jicho moja unazidi wa pili. Dash analeta hesabu za shule, Bob anamwelekeza kwa njia aliyofundishwa yeye, Dash anasema sivyo wanavyofanya siku hizi. Bob anafura, hesabu ni hesabu, nani kaenda kuzibadilisha? Usiku wa manane, nyumba imelala, anakaa mezani na kitabu cha mtoto, anasoma, anafuta, anasoma tena mpaka anaelewa. Anamwamsha Dash kabla hakujapambazuka, wanazimaliza pamoja.

Naiona sehemu hiyo kuwa ya kishujaa kuliko mapambano yote ya filamu. Hanyanyui kitu. Anakaa tu na kitu asichokijua mpaka akijue, kwa ajili ya mtu mwingine, na hakuna kamera kwenye suti.

Kwa Violet anaharibu. Mvulana aliyempenda, Tony, amefutwa kumbukumbu na mtu wa serikali kwa sababu alimwona bila barakoa, na ni Bob aliyetoa habari. Anajaribu kurekebisha kwa kuipeleka familia yote kwenye mkahawa anakofanya kazi Tony, na matokeo ni aibu ambayo binti wa umri ule hawezi kuisahau. Na Jack-Jack, ambaye wazazi wake waliamini ni mtoto wa kawaida, anaanza kuwaka moto, kujigawa vipande, kupita ukutani, kurusha miale machoni, na kupigana na rakuni kwenye mapipa ya taka nyuma ya nyumba.

Hilo la Jack-Jack Bob hamwambii mkewe. Helen anapopiga simu, majibu ni kwamba mambo yako shwari. Nia ni njema: akijua, atarudi, na akirudi, kazi imeharibika. Ila linganisha na filamu ya kwanza. Kule Bob alimficha Helen habari za kazini. Huku anamficha habari za nyumbani. Mara zote mbili ni yeye anayeamua mkewe ajue nini kuhusu maisha yao, na mara zote mbili anaamini anafanya hivyo kwa upendo. Wakosoaji waliandika sana juu ya kubadilishana majukumu. Mimi naona kuna jukumu moja ambalo halikubadilishwa.

Mwishowe anakwenda kwa Edna Mode, mshonaji wa suti za mashujaa, kijimama kifupi chenye miwani mikubwa ambacho sauti yake ni ya Bird mwenyewe. Edna, asiye na mtoto na asiyekuwa na hamu naye, anamchukua Jack-Jack usiku mmoja na kumrudisha na suti maalumu na maelekezo. Anamwambia Bob kwamba malezi yakifanywa sawasawa ni ushujaa. Sentensi hiyo ilinukuliwa kila mahali mwaka 2018. Anaambiwa baba, baada ya siku chache tu za kubaki na watoto. Helen alibaki nao miaka na miaka, akiwatenganisha mezani kwa mikono yote miwili, na katika filamu nzima ya 2004 hakuna mtu aliyemwambia kitu kama hicho.

Vichekesho vya baba aliyebaki nyumbani Hollywood inavijua zamani. Mwaka 1983 Michael Keaton aliigiza katika Mr. Mom mhandisi wa magari aliyeachishwa kazi huku mkewe akipata yake, na mashine ya kufulia ikamtesa. Mtazamaji wa filamu za aina hii hualikwa kucheka kwa kuwa mwanamume hajui, na kisha kumpigia makofi kwa kuwa amejifunza. Incredibles 2 ina heshima zaidi kuliko hizo za kale. Bob si mpumbavu, na uchovu wake si wa mzaha mtupu. Hata hivyo makofi ni yaleyale. Kazi ya nyumbani inahesabiwa kuwa kazi siku inapomtoa jasho mwanamume.

Ni vizuri kukumbuka dunia hii ni ya lini. Magari, samani, runinga na nguo vyote ni vya Marekani ya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1963 Betty Friedan alichapisha The Feminine Mystique, juu ya wanawake wasomi wa vitongojini waliokuwa na nyumba nzuri na unyonge wasioweza kuutaja. Mwaka huohuo Rais Kennedy alitia saini sheria ya malipo sawa kwa kazi sawa. Helen Parr angeweza kuwa mmoja wa wasomaji wa Friedan. Lakini sheria ya malipo haikumjibu nani atabaki na Jack-Jack. Mwaka 1971 bunge la Marekani lilipitisha muswada wa vituo vya kulelea watoto nchi nzima na Rais Nixon akaupiga veto. Likizo ya uzazi ilipokuja kwa sheria ya taifa mwaka 1993, ilikuwa wiki 12 bila malipo, na haiwagusi wafanyakazi wote. Ukijua hayo, utaona kwa nini filamu iliyotengenezwa California mwaka 2018 haina jibu kwa mama aliyeajiriwa isipokuwa mume mwenye moyo, rafiki kama Frozone na fundi nguo tajiri. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa atajiuliza haraka bibi yuko wapi, shangazi yuko wapi, dada wa kazi yuko wapi. Kwa akina Parr hawapo. Katika filamu ya kwanza kulikuwa na yaya mmoja, msichana aitwaye Kari, aliyeachwa na Jack-Jack siku moja na nusura apate wazimu.

Na kuna wanawake wengine wa kuwatazama. Evelyn Deavor ndiye mwenye ubongo katika kampuni: yeye anabuni, kaka yake anauza. Ana mazungumzo matamu na Helen usiku wa sherehe, wanawake wawili wenye akili wakizungumzia kazi, jambo adimu katika filamu za mashujaa. Kisha tunagundua kwamba ndiye adui. Hana mume, hana mtoto. Simsemi Bird kwa ubaya. Sababu za Evelyn zimejengwa vizuri, baba yao aliuawa na wezi akiwapigia simu mashujaa ambao hawakuja, na anaamini watu wanaosubiri kuokolewa wanajimaliza. Lakini ukiwaweka mizani moja, mwanamke aliyejaliwa familia anaokoa na asiye nayo anaangamiza. Honey, mke wa Frozone, katika filamu zote mbili ni sauti tu kutoka chumba kingine, akigombana na mumewe. Familia pekee ya Weusi yenye nafasi humu, na mama wa nyumba hiyo hajapata hata uso.

Nyuma ya pazia mambo hayakuwa mepesi pia. Brenda Chapman, mwanamke wa kwanza kupewa filamu ndefu ya Pixar aiongoze, aliibuni Brave kutokana na uhusiano wake na binti yake mwenyewe, kisha akaondolewa katikati ya kazi na nafasi yake akapewa Mark Andrews. Oscar waligawana mwaka 2013. Tarehe 8 Juni 2018, wiki moja tu kabla ya Incredibles 2 kutoka, Disney ilitangaza kwamba John Lasseter, kigogo wa studio hiyo, ataondoka mwisho wa mwaka, baada ya malalamiko ya jinsi alivyowatendea wafanyakazi wa kike. Na kabla ya filamu yenyewe kuanza, kumbi zilionyesha kwanza katuni fupi iitwayo Bao, ya dakika chache, kuhusu mama Mchina huko Toronto ambaye andazi alilolipika kwa mvuke linageuka kuwa mtoto, naye anashindwa kumwachia akue. Iliongozwa na Domee Shi, mwanamke wa kwanza kuongoza katuni fupi ya Pixar. Ikashinda Oscar. Incredibles 2 iliteuliwa, haikushinda. Kwa maoni yangu dakika zile za Bao zinajua zaidi kuhusu kuwa mama kuliko saa mbili zilizofuata, kwa sababu zinathubutu kumwonyesha mama akikosea vibaya, jambo ambalo Helen haruhusiwi kamwe. Yeye hukosea kwa kuwaamini watu tu. Watoto wake hawajawahi kumkuta amechoka kiasi cha kusema neno ambalo angelijutia.

Watoto hao ndio wanaowaokoa wazazi mwishoni, ndani ya meli, wote wawili wakiwa wamelogwa kwa miwani ya Evelyn. Helen anamwokoa Evelyn angani. Sheria inafutwa, mashujaa wanakuwa halali. Katika tukio la mwisho familia inawasindikiza Violet na Tony kwenda sinema, polisi wanapita mbio wakifukuza wahalifu, Violet anamshusha Tony mlangoni akimwambia anunue bisi, na gari linageuka na familia nzima ndani, mtoto mchanga kwenye kiti chake.

Ni mwisho mtamu, na umekwepa swali. Wote wawili sasa wanaweza kurudi kazini, na zamu za nyumbani hazijapangwa. Bob amejifunza hesabu za Dash. Kama amejifunza pia raba zinakaa wapi, filamu haisemi. Agosti 2024 Disney ilitangaza kwamba sehemu ya tatu inatengenezwa. Wakimtaka Helen aende kazini tena kama jambo la ajabu, linalohitaji hesabu za hasara na ruhusa ya moteli usiku, watakuwa wamerudia filamu ileile.